Mwadhibu na Wangu

Fundi sofa alijua mambo yameharibika siku alipomwona binti yake anarudi kutoka shule bila begi mgongoni. Begi lilikuwa limebebwa na watoto wawili, huyu kashika ukanda huu, yule kashika ule, wanatembea taratibu kama wamebeba jeneza. Wa tatu alitangulia mbele yao akiondoa mawe njiani. Binti mwenyewe alifuata nyuma mikono mitupu, uso umekunjamana kama kitambaa kilichokaliwa mwaka mzima.

"Shikamoo, Fundi," watoto wakasema kwa pamoja.

Fundi alikuwa na misumari midogo mdomoni, anagongelea kitambaa kwenye mkono wa kochi. Aliitikia kwa pua.

"Tumemleta Shujaa," akasema yule wa mawe.

Fundi akaitema misumari kiganjani. "Mmemleta nani?"

"Shujaa. Mwalimu kasema tusimwite tena Chuma. Si jina zuri."

Wakaliweka begi juu ya sponji, polepole, wakamwambia binti "pumzika sasa," wakaenda zao wakiwa wameridhika kama watu waliotoka kusali.

Chuma lilikuwa jina la binti tangu alipoanza shule. Alizaliwa na mguu wa kushoto usio na nguvu, na daktari akamfunga chuma kilichotoka pajani hadi kwenye kiatu. Jina lenyewe alipewa na wenzake siku ya kwanza aliposimama golini, mpira ukagonga mguu ule ukarudi ulikotoka. Alilipenda. Aliliandika kwa chaki kwenye ukuta wa karakana, herufi kubwa kuliko kichwa chake. Tangu siku hiyo akawa kipa wa darasa, na wala si kwa hisani ya mtu. Alikuwa kipa kwa sababu alikuwa mkorofi, anapiga kelele, anaanguka bila kulia, na akifungwa bao anaapa kwa miungu yote kwamba mfungaji alishika mpira kwa mkono. Aliyemfunga mara nyingi kuliko wote ni mtoto wa kinyozi, waliyemwita Mapengo, rafiki yake wa kufa na kuzikana na adui yake wa kila mapumziko.

"Haya, sema," Fundi akamwambia.

"Hakuna kitu."

"Uso huo wa nani, basi? Umeuazima?"

Binti akalipiga begi teke kwa mguu wa chuma. Likaanguka chini. "Wananipigia mpira kama wanambembeleza mtoto mchanga! Mpira unakuja unajivuta, unajivuta, naweza kwenda kunywa maji nirudi haujafika. Nikiudaka wanapiga makofi. Baba, hata Mapengo anapiga makofi! Jana nimeuacha makusudi uingie golini, nione watasema nini."

"Wakasema nini?"

"Wakasema si goli."

Akakaa chini juu ya sponji, na ndipo alipolia. Huyo hakuwa mtoto wa kulia. Alishawahi kung'oka ukucha akamwonyesha baba yake kama mtu aliyeokota shilingi.

Chanzo chake kilikuwa kitabu. Mwalimu wa darasa la tatu, msichana aliyekuja mwaka ule akiwa na moyo wa kazi, alitafuta vitabu vya hadithi vya kuwafundisha watoto kuhusu ulemavu. Aliwasomea kila Ijumaa, akawaonyesha picha, akawauliza maswali. Kimoja kilikuwa cha msichana wa magongo, na hicho darasa lilikipenda kuliko vyote. Watoto walikichukua nyumbani kwa zamu wakasome na wazazi, na zamu ya Chuma ilipofika, kitabu kikaja kwenye karakana, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni kisipate vumbi.

Fundi aliishia darasa la tano. Alisoma akifuata maneno kwa kidole, na kidole chenyewe kilikuwa na gundi, ikabidi mkewe amfutie kwanza. Mkewe ndiye aliyeshona vitambaa vya makochi. Mashine yake ilikaa dirishani, ya mumewe ilikuwa nyundo, na kwa miaka mingi walikuwa wamegombana juu ya kelele hizo mbili.

Hadithi ilikuwa fupi. Msichana wa magongo alikaa kivulini siku nzima akiwatazama wenzake wanacheza. Hakulalamika. Siku mbuzi wa kijiji walipopotea, ni yeye peke yake aliyesikia kengele yao kwa mbali, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyezoea kunyamaza na kusikiliza. Mbuzi wakapatikana. Kijiji kikamwita shujaa, na tangu hapo kila mtu akampenda na kumsaidia. Kwenye kila ukurasa alikuwa anatabasamu. Hata ule wa mvua, amekaa nje analowa, anatabasamu.

"Kizuri," mkewe akasema.

"Kizuri kwa nani?"

"Baba wee, usianze."

"Mtoto huyu hana hata kosa moja! Hajaiba sukari, hajamtukana mtu, hajamnyang'anya mwenzake kitu. Toka mwanzo mpaka mwisho anacheka tu, utadhani anauza dawa ya meno. Huyo si mtoto, huyo ni kalenda."

Mkewe akasimamisha mashine. "Umesahau mwaka jana? Umemsahau yule aliyemsukuma kwenye ngazi akamwita kiguru? Nilimwosha damu mimi, hukumwosha wewe. Leo hakuna anayemwita kiguru. Mwanangu anakwenda shule sina wasiwasi. Unataka nini, apigwe?"

"Nataka apigiwe mpira."

"Mpira na kipigo, huko shuleni, ukiweza kuvitenganisha uje unifundishe."

Hilo la ngazi lilikuwa kweli. Fundi akachukua nyundo akagonga msumari ambao ulikuwa umeshaingia.

Asubuhi akaenda shule. Mwalimu alimpokea kwenye ofisi ya walimu, akamvutia kiti, akamkaribisha kwa heshima zote. Hiyo heshima ndiyo iliyomvuruga zaidi. Mtu akikutukana unajua pa kuanzia.

"Mwalimu, nimekuja kwa habari ya kile kitabu."

"Ooh! Wazazi wengi wamekisifu."

"Mimi sisifu."

Akajaribu kueleza. Maneno aliyoyapanga njiani vizuri yakatoka yamepishana, ya mwisho mbele, ya kwanza nyuma. Alisema kuhusu mpira unaojivuta, kuhusu makofi, kuhusu goli lililokataliwa. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande.

"Mzazi," akasema, "nina mtoto wa kigugumizi mle darasani. Nilipofika alikuwa hafungui mdomo, maana akifungua wenzake wanamwiga. Tangu tuanze hivi vitabu, akisimama kusoma darasa zima linamsubiri amalize. Juzi kasoma ukurasa mzima. Mama yake alikuja hapa akalia, hapo hapo ulipokaa."

Fundi akasogea kidogo kwenye kiti. "Hilo zuri. Sikatai. Lakini wangu..."

"Wako anapendwa na kila mtu."

"Hataki kupendwa, anataka wamfunge magoli!"

Alisema kwa sauti ya karakana. Walimu wengine wakainua vichwa kutoka kwenye madaftari. Mwalimu akatabasamu, tabasamu la upole, na Fundi akamwona yule msichana wa kitabuni waziwazi.

"Wakati mwingine," mwalimu akasema taratibu, "wazazi wa watoto kama hawa wanakuwa wakali kwa sababu wana maumivu yao."

Fundi akaaga kabla hajasema neno la kujutia.

Lakini hakutulia. Mchana ule Mapengo alipokuwa anapita na kibuyu cha maji, Fundi akamwita kwenye karakana.

"Wewe. Kwa nini humpigii mwenzako mashuti ya kweli?"

Mapengo akaangalia chini. "Mwalimu kasema mwenye nguvu amwonee huruma aliye dhaifu."

"Dhaifu nani? Si yeye aliyekuuma mkono ukaenda kulia kwa baba yako?"

"Aliniuma hapa." Mapengo akaonyesha mahali penyewe, na pengo likaonekana, akicheka kwa kukumbuka. Halafu akakumbuka na mengine, cheko likakatika. "Siku hizi haniumi. Siku hizi hata haongei na mimi."

"Basi mpige shuti moja. Moja tu, la nguvu. Utaona kama hataongea."

Fundi alijiona mjanja. Jioni yake kinyozi akatokea mlangoni, kitana bado kipo mfukoni.

"Fundi, sisi ni majirani, nakuuliza kistaarabu. Ni kweli unamfundisha mwanangu kumpiga mtoto mlemavu?"

"Mlemavu gani? Ni binti yangu!"

"Ndiye huyo huyo."

"Shuti! Nimesema ampige shuti!"

"Umesikia mwenyewe ulivyosema?" kinyozi akamuuliza kwa huzuni.

Siri ukitaka isambae mwambie kinyozi. Kufika kesho yake mtaa mzima ulikuwa umenyolewa na kuhabarishwa. Mteja mmoja aliyekuja kuulizia kochi lake akamshika Fundi begani, akamwambia kuwa mtoto ni zawadi, hata awe vipi. Jirani akaleta maandazi, akampa binti peke yake, akamwambia "vumilia, mwanangu." Mkewe alishona siku nzima bila kupumzika, na mashine ile ilisema yote.

Chuma mwenyewe ndiye aliyekuwa mkali zaidi. "Nani alikuomba umwambie Mapengo? Sasa hata karibu na goli hasogei. Kawekwa mwingine wa kupiga, yule anayelia akiona jongoo."

"Nilitaka kukusaidia."

"Na wewe!" binti akasema. "Kila mtu ananisaidia!"

Neno hilo lilimkaa Fundi kooni kama mwiba wa samaki.

Baada ya siku chache akaitwa shuleni. Mjumbe alikuwa mtoto wa darasa la pili aliyekimbia mpaka akaishiwa pumzi, na alichoweza kusema ni kwamba Shujaa kapigana. Fundi akaacha sponji nusu ndani nusu nje ya kochi, akaenda, na kama tungemwuliza njiani alikuwa anahisi nini, asingeweza kutuambia. Miguu ilikuwa na hofu, lakini kifua kilikuwa chepesi.

Habari yenyewe alisimuliwa na watoto wote kwa mpigo hapo mlangoni. Wakati wa mapumziko Chuma alidaka mpira mmoja wa kujivuta. Wenzake wakapiga makofi. Mapengo naye, akiwa amesimama pembeni, akapiga. Chuma akatoka golini, akatembea mpaka alipo Mapengo, akampiga kwa mpira ule usoni kutoka hatua moja. Mapengo akabaki ameduwaa. Chuma akaokota mpira, akarudia. Hapo Mapengo akasahau kitabu, picha zake na maswali yake. Wakashikana, wakasukumana mpaka kwenye veranda, wakabiringika mpaka ndani ya darasa, wakaangusha ndoo kubwa ya maji ya kunywa, na darasa zima likageuka tope.

Fundi akaingia. Mapengo alikuwa amepiga magoti sakafuni na kitambaa cha deki, jicho moja limevimba, anasukuma tope kuelekea mlangoni. Binti yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwalimu. Mdomo ulikuwa umepasuka kidogo. Mtu alikuwa amemwekea sweta chini, akalie mahali laini. Mikono aliipakata, hatazami mtu.

"Pole sana, mzazi," mwalimu akasema. Alikuwa amechoka, macho mekundu. "Huyu kijana atapiga deki darasa na veranda wiki nzima. Na amemwomba msamaha mwenzake mbele ya wote."

"Nani alianza?"

"Mzazi, tusiingie huko."

"Mimi," akasema Chuma kutoka kwenye kiti.

"Kaanza yeye!" Mapengo akadakia sakafuni.

"Nyamaza wewe, fanya kazi," mwalimu akamwambia.

Fundi akamwangalia yule mtoto wa mwenzake, magoti yote yako majini, halafu akamwangalia wake, kakalia sweta. Akahisi aibu ambayo hakuwa ameizoea, aibu ya mtu aliyeruhusiwa kuvuka foleni bila kuomba.

"Mwadhibu na wangu," akasema.

"Sikukuelewa."

"Umenielewa. Kosa ni la wawili, tena wangu ndiye mwanzilishi. Mpe kitambaa."

"Siwezi." Mwalimu akashusha sauti. "Mwalimu mkuu akipita hapa aone mtoto mwenye mguu ule anatambaa kwenye maji, na mimi nimesimama juu yake? Mzazi yeyote akipita? Watasema nini juu yangu?"

"Kwangu anapiga deki kila Jumamosi."

"Kwako ni kwako."

"Na akipiga vibaya anarudia!"

"Mzazi, nakuomba."

Hapo Fundi akashindwa kujizuia. "Mnajua mmemfanya nini mwanangu? Mmemfanya kochi la sebuleni kwa watu wenye kujivuna. Linafunikwa kitambaa cheupe, linafutwa vumbi, kila mgeni analisifu, na hakuna anayeruhusiwa kulikalia. Mimi nayatengeneza makochi hayo. Yanaoza bila kukaliwa! Mmemvika kilemba cha ukoka, na kitabu chenu hicho, na yule msichana wenu anayecheka mvuani kama hana akili!"

Mwalimu alikuwa ameshika ukingo wa meza. Aliposema, sauti ilikuwa inatetemeka, lakini hakurudi nyuma.

"Vitabu hivyo nilivitafuta mwenyewe. Hakuna aliyenituma. Nilipofika hapa, binti yako alikuwa anaitwa kiguru, na yule mwingine alikuwa anaigwa kila akifungua mdomo, na hakuna mzazi aliyekuja ofisini kupiga kelele kama wewe leo. Sasa niambie nifanye nini. Nivichome? Nimrudishie yule mtoto kicheko cha wenzake?"

Fundi akafungua mdomo. Alitamani sana awe na jibu. Angetoa kochi zima, la watu watatu, apate jibu la kumwambia mwalimu yule mbele ya watoto wale.

"Sijui," akasema.

"Hujui."

"Sijui, mwalimu. Ninachojua, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Huyu kajidunga mwenyewe, na ninyi mmempa pole na sweta la kukalia."

Mwalimu akamgeukia mtoto, akiwa na hasira bado, na labda ilikuwa ni hasira hiyo iliyomfanya aulize bila kuinamisha kichwa upande.

"Na wewe? Wewe unataka nini?"

Chuma akalitazama darasa lote, kona kwa kona, kama mtu anayekagua kiwanja anachotaka kununua.

"Nataka upande wa dirishani," akasema. "Kule hakuna tope jingi."

"Dirishani ni kwangu!" Mapengo akaruka. "Mimi nimeshaanza dirishani! Wewe ndiye uliyeangusha ndoo, chukua mlangoni!"

"Ndoo umeiangusha wewe, kwa makalio yako."

"Ulinisukuma!"

"Kwa hiyo makalio ni yangu?"

Mwalimu akaangalia dari. Halafu akavuta kitambaa cha pili kutoka nyuma ya mlango, akakishika kidogo kabla ya kumpa, kama mtu anayetoa kitu kisicho chake.

"Mlangoni," akasema. "Wiki nzima. Na magoti chini kama mwenzako."

Chuma akashuka kwenye kiti. Kuinama na mguu ule kulimchukua muda: aliunyoosha kwanza upande, akakalia ule mzima, akajivuta kwenye maji. Alikuwa hajagusa tope watoto sita wakaingia mbio, huyu na ufagio, yule na kitambaa, mwingine kavua shati lake.

"Pumzika, Shujaa! Sisi tutapiga!"

Wakainama upande wake wote, wakaanza kusugua. Upande wa Mapengo hakuna aliyekwenda. Mapengo akatupa kitambaa chini.

"Na mimi je? Si haki! Mimi sina mikono?"

"Tokeni!" Chuma alikuwa anawapiga miguuni kwa kitambaa kilicholowa. "Tokeni kwangu! Adhabu yangu hii!"

Fundi alitaka kucheka na alitaka kupiga kichwa ukutani, hakujua kipi kianze. Alimtazama mwalimu, na mwalimu alikuwa anawatazama watoto wale sita na mashati yao, wamefanya sawasawa na walivyofundishwa.

"Rudini nje," mwalimu akasema.

"Lakini mwalimu, kitabu kinasema tumsaidie," akasema mmoja wao, mwenye ufagio.

Mwalimu akaonyesha mlango kwa kidole. "Kinasema. Tokeni. Wote. Hawa wawili wana kazi."

Wakatoka shingo upande, wakijitazama, hawajui wamekosa nini. Fundi akasogea mlangoni kuwapisha. Mwalimu akaja akasimama karibu naye, mikono kifuani.

"Ijumaa nitawasomea tena," akasema, bila kumwangalia. "Sitaacha."

"Sijasema uache."

"Wataniuliza kuhusu leo."

"Utawaambia nini?"

"Wewe hukujua, unataka mimi nijue?"

Ndani, Chuma alijivuta mbele, kiganja kikateleza, akaenda chini kwa kidevu mpaka tope likamrukia Mapengo. Fundi akapiga hatua moja mbele. Mwalimu naye akapiga hatua moja. Wote wawili wakajikuta wamenyoosha mikono, wamegongana mabega, wamekwama pale pale. Mapengo alikuwa anacheka mpaka anajishika tumbo.

Chuma akainuka peke yake, uso wote tope. Akampiga Mapengo kwa kitambaa shingoni, akageuka, akawaona watu wazima wawili wamesimama na viatu vyao kwenye sehemu iliyokwisha kusafishwa.

"Ondokeni hapo mlangoni," akawaambia. "Mnatukanyagia."